Pikipiki iliyotumika Songea: fremu na kadi kwanza, injini baadaye

Barabara kuu za lami zinazotoka Songea ni tatu. Ya kwanza inakwenda kaskazini kupitia Madaba na Njombe hadi Makambako, inakokutana na barabara ya Dar es Salaam na Mbeya. Ya pili inaelekea mashariki, Namtumbo na Tunduru, mpaka Masasi na pwani ya Mtwara. Ya tatu inapita Mbinga na kushuka hadi Mbamba Bay, kwenye Ziwa Nyasa. Pembeni ya lami hiyo, kilometa chache tu ndani, ni udongo mwekundu ambao mvua za Novemba hadi Aprili huufanya uteleze kama sabuni. Kwa hiyo pikipiki ya safari kwa mkazi wa Songea ina kazi mbili: kwenda kilometa zipatazo 300 hadi Makambako bila kumvunja mtu mgongo, kisha kummalizia kipande cha mwisho cha vumbi au matope hadi shambani.

Wengi wanaonunua pikipiki iliyotumika kwa kazi hiyo huanza na injini. Huwasha, husikiliza mlio, hutazama moshi, na mlio ukipendeza bei inaanza kujadiliwa. Mpangilio huo umegeuzwa kichwa chini. Injini ya cc 125 au 150 hufunguliwa na kufungwa tena chini ya mwembe, na pistoni na ringi zake zinapatikana mpaka kwenye maduka ya wilayani. Fremu iliyopinda haina spea, na kadi yenye utata haina fundi.

Soko lenyewe limetawaliwa na pikipiki za India, hasa Boxer za Bajaj na HLX za TVS. Nyuma yake zinafuata za Kichina, kama SanLG, Fekon, Haojue, Kinglion na ndugu zao. Boxer BM 150 ina silinda moja inayopozwa kwa upepo, yenye ujazo wa cc 144.8. TVS HLX 125 ina cc 124.5. Kwa macho pengo hilo ni dogo, ila kwenye leseni ni kubwa, kwa sababu daraja A1 linaishia kwenye pikipiki ndogo zisizozidi cc 125, na zaidi ya hapo linatakiwa daraja A. Mnunuzi mwenye A1 akichukua 150 anajitafutia ugomvi na trafiki kila kizuizi, na siku ya ajali kampuni ya bima inakuwa na pa kushikia.

Injini za pikipiki nyingi za Kichina ni za ukoo mmoja. Zimefuata Honda CG125, iliyotolewa mwaka 1976 kwa ajili ya nchi ambako oili hubadilishwa kwa kuchelewa na vumbi ni la kila siku. Katika injini hiyo valvu zinasukumwa na vijiti, wala hakuna cheni ndefu ya taimingi inayopanda hadi kichwani. Kelele yake ni kubwa kidogo, na haipendi kukimbizwa kwa saa nyingi mfululizo, lakini inavumilia. Faida nyingine ni kwamba spea za jina moja mara nyingi huingia kwenye jina jingine, jambo linalomsaidia sana mtu aliyekwama Tunduru siku ya Jumapili.

Kuna kundi dogo ambalo wajuzi hulitafuta kwa makusudi: Honda XL125, Yamaha DT125 na Yamaha AG, pikipiki ndefu zilizonunuliwa na serikali, miradi ya wafadhili na misheni kwa ajili ya maofisa ugani, watu wa afya na makatekista. Shokapu zake hupanda na kushuka kwa nafasi ndefu, rimu ya mbele ni kubwa, na fremu zilijengwa kwa njia mbovu tangu mwanzo. DT125 za zamani ni za mipigo miwili, yaani huchoma oili pamoja na petroli, na asiyezoea hilo huiua injini kwa uzembe wa siku moja. Zinapouzwa kwa mnada hutoka na namba za serikali na miradi, yaani STK, SM au DFP, na mnunuzi anapaswa kupewa hati za mnada zitakazomwezesha kuisajili upya kwa namba ya mtu binafsi. Pikipiki ya mnada isiyo na hati hizo, hata ikiwa nzuri namna gani, ni ya kuachwa palepale.

Je, zile pikipiki kubwa zilizobuniwa hasa kwa safari ndefu za lami, zenye kioo cha kukinga upepo na masanduku pembeni? Mfano wake ni Yamaha FJR1300, iliyotoka mwaka 2001, na Honda ST1300, iliyofuata mwaka 2002. Ya kwanza ina cc 1,298, ya pili cc 1,261, na zote mbili huzungusha gurudumu la nyuma kwa shafti badala ya cheni. Tangi la ST1300 linachukua lita 29. Kwenye lami ya Songea hadi Makambako hakuna pikipiki ya cc 150 itakayozifikia kwa utulivu: zinapanda milima ya Njombe bila kubadili sauti, na dereva anafika akiwa hajachoka mikono. Shafti nayo ni neema, maana vumbi halina cheni ya kutafuna.

Tatizo linaanza zinaposimama. Tairi la nyuma la FJR1300 ni la inchi 17, sawa na la Boxer, lakini upana wake ni milimeta 180, na si tairi la kutarajia kulikuta limening'inia kwenye duka la spea la Songea. Litatoka Dar es Salaam kwa basi, au nje ya nchi. Hali ni hiyohiyo kwa pedi za breki, fyuzi maalumu, sensa na pampu ya petroli iliyomo ndani ya tangi. Kisha kuna uzito, unaokaribia kilo 300. Dereva mmoja hawezi kuinyanyua peke yake ikilala kwenye udongo uliolowa. Anayeitaka kweli hana budi kuinunua Dar es Salaam au kuiagiza Japani, na uchunguzi wake ni tofauti kidogo, kwa kuwa pikipiki ndogo huchakazwa na kazi ilhali kubwa huharibiwa na kukaa. Tangi hushika kutu kwa ndani, petroli iliyolala huganda kwenye njia zake, na mipira ya breki hukauka. Tairi zake huonekana nzima kwa kashata zake, lakini ubavuni kuna tarakimu nne zinazotaja wiki na mwaka wa kutengenezwa; 3214 maana yake ni wiki ya 32 ya mwaka 2014, na tairi la umri huo halifai kwenda nalo mwendo wa kasi, hata likiwa halijaguswa na lami.

Kwa mtu mwenye fedha za kadiri anayekaa Lizaboni au Bombambili na kusafiri mara kwa mara, jibu la busara bado ni cc 150 iliyotunzwa, au XL iliyotoka kwenye mikono mizuri. Mwendo wake wa haki ni kilometa 60 hadi 70 kwa saa. Zaidi ya hapo injini inapiga kelele bila kuongeza maana.

Zinatoka wapi? Nyingi zimetoka kwenye yeboyebo, yaani biashara ya kubeba abiria. Kijana hupewa pikipiki kwa mkataba, hupeleka hesabu kwa mwenye mali kila siku au kila wiki, na muda ukitimia inakuwa yake. Wengi huiuza hapo ili waanze mkataba mwingine na pikipiki mpya. Chombo cha namna hiyo kimefanya kazi asubuhi hadi usiku, kimebeba abiria wawili pale kilipotakiwa kubeba mmoja, na katika miezi ya mavuno kimebeba mahindi. Rangi ya bamba hutoa fununu. Jeupe ni la biashara, la njano ni la mtu binafsi. Fununu tu, kwani zenye bamba la njano nazo huonekana zikipakia abiria kituoni. Spidomita haisemi lolote la kuaminika. Waya wake hukatika mapema na wengi hawaurudishi, kwa hiyo kilometa 18,000 zinazoonekana huenda zilisimama hapo miaka miwili iliyopita. Ushahidi bora uko kwenye vitu ambavyo muuzaji hafikirii kuvibadilisha: mpira wa kukanyagia gia ulioisha mpaka chuma, siti iliyobonyea upande wa abiria, funguo inayochomoka pikipiki ikiwa imewashwa.

Kadi ndiyo mlango wa kwanza. Jina lililomo linapaswa kuwa la mtu anayeuza, na kitambulisho chake cha NIDA kionekane. Kasoro ya kawaida kuliko zote ni kadi yenye jina la mtu wa kwanza, ambaye aliuza kwa wa pili, wa pili akauza kwa wa tatu, na hakuna hata mmoja aliyekwenda TRA. Bei ya pikipiki kama hiyo huwa nzuri ajabu, na sababu yake ni hiyohiyo. Mwenye jina akipatikana na akakubali kusaini, jambo linakwisha. Akiwa amehama na simu haipatikani, mnunuzi anakuwa amenunua haki ya kuitumia mpaka siku atakapoulizwa. Mwenye jina akiwa amefariki, anayeweza kuuza ni msimamizi wa mirathi aliyethibitishwa na mahakama, si mtoto mkubwa wala shemeji, hata wakija na ukoo mzima kushuhudia.

Namba za chasisi hugongwa shingoni mwa fremu, chini ya usukani, na za injini hugongwa kwenye ganda la injini karibu na chini. Hapo panahitaji dakika kumi na kitambaa chenye petroli. Tope na grisi vikiondoka, herufi zinatakiwa ziwe na kina kimoja na mstari mmoja, na chuma kinachozizunguka kiwe na ngozi yake ya kiwandani. Palipopigwa msasa hung'aa tofauti ukielekeza tochi ya simu kutoka pembeni. Rangi mpya kwenye shingo tu, wakati fremu nzima ina mikwaruzo, ni jibu tosha. Injini iliyobadilishwa si kosa, mradi mabadiliko hayo yawe yameingizwa kwenye kadi. Isiyoingizwa huibua swali la ile ya kwanza ilikwenda wapi na hii imetoka kwa nani.

Kuna madeni yasiyoonekana kwa macho. Faini za makosa ya barabarani huhakikiwa kwenye mfumo wa Jeshi la Polisi kwa kutumia namba ya usajili, na mnunuzi anaweza kuziona kwenye simu yake kabla ya kutoa hata shilingi. Bima nayo huhakikiwa kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka ya bima. Ada ya mwaka ya leseni ya chombo, iliyokuwa chanzo cha malimbikizo makubwa, ilifutwa mwaka 2017 na sehemu yake kuhamishiwa kwenye petroli, kwa hiyo muuzaji asimkate mnunuzi fedha za "road" ya mwaka huu. Kubwa zaidi siku hizi ni mkopo. Pikipiki zinazotolewa na kampuni za mikopo huwa na kifaa cha kufuatilia kilichofichwa, kwa mfano chini ya siti, na kadi yake hukaa kwa mkopeshaji hadi deni liishe. Muuzaji anayesema kadi iko nyumbani kwa dada Mbinga, ataituma kesho kwa basi, asubiriwe mpaka kesho hiyo ifike.

Wilaya ya Songea inapakana na Msumbiji kwa upande wa kusini, na njia ya kuvukia mpaka ni Mkenda. Pikipiki iliyoingia kutoka huko haiwi ya Kitanzania kwa kubadilishwa bamba. Lazima ipite forodha na kulipiwa kodi, vinginevyo ni mali ya magendo, na aliyekutwa nayo ndiye anayejibu.

Baada ya karatasi ndipo fremu. Mafundi wazoefu wana kipimo cha kamba ambacho hakigharimu kitu. Pikipiki husimamishwa kwa stendi ya kati, usukani ukanyooshwa, kisha kamba ikavutwa kutoka tairi la nyuma hadi la mbele, pande zote mbili. Kamba ikigusa ukingo wa mbele na wa nyuma wa tairi la nyuma, inatakiwa ipite kando ya tairi la mbele kwa pengo lililo sawa kulia na kushoto. Pengo likiwa kubwa upande mmoja, ama gurudumu la nyuma limefungwa kombo kwenye cheni, kosa la dakika tano, ama fremu imepinda. Fundi hurekebisha cheni kwanza na kuvuta kamba tena. Kosa likibaki, mazungumzo ya bei hayana maana.

Sehemu nyingine ya kuangaliwa kwa subira ni nyuma ya siti, pale keria ilipofungwa. Keria za kiwandani ni fupi. Wabeba mizigo huongezea chuma cha kuchomelea ili gunia la mahindi likae, na uzito huo huning'inia nyuma ya ekseli. Fremu huanza kupasuka karibu na masikio ya shokapu za nyuma, na mpasuko huanza kama uzi mwembamba wa kutu kwenye rangi. Mchomeleo juu ya mchomeleo mahali hapo unamaanisha kwamba imeshavunjika angalau mara moja. Kwenye njia ya Mbinga, yenye kona na mashimo ya malori ya makaa ya mawe ya Ngaka, hapo ndipo itakapovunjika tena.

Usukani ugeuzwe polepole kutoka kulia hadi kushoto, gurudumu la mbele likiwa juu. Ukikwama katikati kama unaotafuta shimo, beringi za shingoni zimekwisha. Hizo hubadilishwa kwa fedha ndogo. Swingamu ikitikiswa kwa mkono na kucheza kushoto na kulia, bushi zake zimekufa. Hilo nalo ni la kupunguzia bei, si la kukatalia. Spoku hugongwa kwa bisibisi moja baada ya nyingine, na iliyolegea hutoa sauti iliyopooza.

Injini sasa. Muuzaji aombwe asiiwashe kabla mnunuzi hajafika, na mnunuzi aweke kiganja kwenye silinda kabla ya lolote jingine. Ikiwa ya moto, imepashwa ili iwake kwa kiki moja. Ya baridi inatakiwa iwake kwa kiki mbili au tatu, choki ikiwa imevutwa. Moshi wa bluu unaoendelea baada ya kupata joto ni oili inayoungua, ama kupitia ringi, ama kupitia sili za valvu. Ukitoka tu pale resi inapoachiwa na kuvutwa tena, mara nyingi ni sili, kazi ndogo. Ukitoka mfululizo wakati wa kupanda mlima, silinda inahitaji kuchongwa na pistoni kubwa kuwekwa. Oili ikiwa na rangi ya maziwa, maji yameingia, pengine kwa kuvushwa mtoni. Mlio wa chuma kugonga chuma kutoka chini ya injini, mzito na wenye mdundo, ni wa beringi ya kongoo, nao ndio pekee wa kuogopwa, kwa sababu injini lazima ipasuliwe katikati.

Jaribio la barabarani lisiishie kuzunguka mtaa. Mlima wa kuelekea Matogoro upande wa barabara ya Tunduru unatosha kuonyesha klachi inayoteleza: resi inapanda, mwendo haupandi. Gia zote ziingie na kubaki zilipoingia. Gia ya pili inayoruka ikiachiwa resi ni ugonjwa maarufu wa pikipiki zilizofundishiwa udereva. Anayepanga kwenda Njombe akumbuke pia kwamba mji huo uko karibu meta 2,000 juu ya usawa wa bahari, na injini ya kabureta hupoteza takriban asilimia kumi ya nguvu zake kila meta 1,000 za kupanda. Injini iliyochoka, inayojikongoja Matogoro, Njombe itapanda kwa gia ya pili.

Bei hufuata kilimo. Fedha za mahindi na kahawa zikiingia katikati ya mwaka, na za korosho Tunduru kuanzia Oktoba, wanunuzi huwa wengi na wauzaji hukaza shingo. Januari na Februari, mbolea ikiwa imeshamaliza akiba na shule zimefunguliwa, pikipiki nzuri hutoka kwa bei ya shida. Dari ya bei yoyote ni bei ya mpya dukani. Kutoka hapo zitolewe gharama za cheni na sproketi zake, tairi, betri na chochote kilichoonekana kwenye uchunguzi, kwa bei za spea za Songea na si kwa makisio ya dalali. Iliyobaki ikikaribia theluthi mbili ya mpya, na pikipiki imefanya yeboyebo zaidi ya mwaka mmoja, kununua mpya kwa kujikaza ni nafuu zaidi.

Mauziano yaandikwe mbele ya wakili, pamoja na namba ya chasisi, namba ya injini, bei halisi, tarehe na saa ya kukabidhiana. Saa ina kazi yake: ajali ya alasiri ya siku ileile lazima ijulikane ni ya nani. Muuzaji na mnunuzi wote wawe na TIN. Uhamisho wa umiliki hufanywa TRA, ambako hulipwa ushuru wa stempu wa asilimia moja ya thamani pamoja na ada ya uhamisho na ya kadi mpya. Fedha za mwisho ni vema zitolewe palepale, muuzaji akiwa amekwishathibitisha uhamisho. Bima mpya hukatwa kwa jina jipya siku hiyohiyo. Oili humwagwa na kuwekwa nyingine kabla ya safari ya kwanza, chujio la hewa husafishwa vumbi lake, na tyubu moja ya akiba, plagi na kiungo cha cheni vikafungwa chini ya siti.